Bastola ndani ya Camry: ninavyosafiri nayo bila kuvunja sheria

Tulikuwa tunatoka msibani Beaumont, Texas. Shemeji yangu anaendesha, mimi nimekaa mbele pembeni yake, dada amelala siti ya nyuma. Saa tano usiku hivi, kwenye barabara ya I-10, taa za polisi zikawaka nyuma yetu. Taa yetu moja ya nyuma ilikuwa imeungua. Askari akaja dirishani, akaomba leseni na karatasi ya bima. Leseni ilikuwa mfukoni. Karatasi ya bima ilikuwa kwenye droo ya dashibodi, mbele ya magoti yangu, na juu ya karatasi hiyo shemeji alikuwa amelaza bastola.

Akanyoosha mkono kuelekea ile droo. Nikamshika kiganja. "Shemeji, usifungue." Nikaweka mikono yangu juu ya dashibodi, nikamwambia askari pole pole kwamba bima iko humo, na kwamba humo humo mna bastola halali ya mwenye gari, na hakuna kati yetu atakayeigusa. Akatushusha mmoja mmoja, akaitoa mwenyewe, akaondoa risasi. Baada ya robo saa akaturudishia, akatupa na onyo la maandishi kuhusu taa. Tukaondoka. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Baytown.

Ukiacha ile taa, shemeji hakuwa amevunja sheria yoyote ya silaha ya Texas usiku ule. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu anaweza kuwa halali kabisa na bado akapigwa risasi kwa sababu ya mahali alipoweka karatasi ya bima.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Nauguza wagonjwa majumbani, zamu za usiku, na Camry yangu inazunguka kati ya Houston, Baytown, Winnie na Beaumont wiki nzima. Nilikokulia, bunduki ilikuwa ya askari wa mlangoni benki. Mama yangu akipiga simu, baada ya salamu za wajukuu, lazima aulize: "Na lile dude bado unalo?" Simshawishi mtu yeyote anunue. Naandika kwa ajili ya yule ambaye amekwisha kuamua, au amekwisha kununua, na anaitupa chini ya siti akidhani mambo yameisha. Mimi ni muuguzi, si wakili. Haya ni mambo niliyosomea darasani, nikayasoma tena peke yangu, na ninayafuata kila siku.

Kabla ya gari: je, unaruhusiwa kuishika?

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza kumiliki silaha mtu aliyeko nchini bila kibali, na pia mtu aliyeingia kwa viza ya muda: mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa viza ya kazi. Kuna vighairi vichache, kwa mfano mwenye leseni ya uwindaji ya jimbo, lakini usijifariji navyo kabla hujazungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Raia anaruhusiwa. Wote wawili, hata hivyo, huzuiwa kama wamewahi kupatikana na kosa kubwa la jinai, au kosa la kumpiga mwenzi wao hata kama lilihesabiwa dogo, au kama wapo chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi. Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha hilo la amri ya ulinzi mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, ambayo ilianzia hapa hapa Texas.

Neno "kumiliki" lisikudanganye. Haliangalii risiti ina jina la nani. Mpwa wangu alikuja kwa viza ya masomo, akaomba gari aende kununua mchele. Nilikuwa nimeshampa funguo, ndipo nikakumbuka bastola imo ndani. Nilimkimbilia mpaka geti la maegesho. Angesimamishwa akiwa peke yake na bastola ile, ningemweleza nini mama yake kule Muheza? Tangu siku hiyo, mtu mwingine akitaka gari langu, bastola inashuka kwanza, funguo zinafuata.

Na wewe mwenye grinikadi, lisome hili mara mbili. Sheria ya uhamiaji inaitaja hukumu ya kosa la silaha kuwa sababu ya kumwondoa nchini mtu ambaye si raia. Haisemi lazima awe ameua wala ameiba. Kubeba bila kibali kwenye jimbo linalodai kibali kunaweza kutosha. Jirani yako raia atalipa wakili na faini. Wewe unaweza kupoteza miaka kumi na mitano ya maisha uliyoyajenga hapa. Kwa hiyo tahadhari zangu nyingi zinazidi zile sheria inazodai. Nilizianza nikiwa bado na grinikadi, na nilipoapa uraia sikuziacha.

Texas: sheria inachoruhusu

Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye miaka 21 na zaidi, asiyezuiwa na sheria, anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Ndani ya gari ruhusa ni ya zamani zaidi, tangu 2007. Masharti ya gari ni machache: bastola isionekane, na ikionekana iwe ndani ya ala yake. Isikae wazi kwenye siti, wala kwenye kishikio cha vikombe. Na usiwe unafanya kosa la jinai lililo zaidi ya yale madogo ya barabarani. Ukiendesha umelewa, kosa lako si moja tena: na bastola nayo imegeuka kosa.

Sasa kwa nini nilichukua leseni wakati sheria hainilazimishi? Kwa sababu ya shule. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za eneo la shule, kama mita 300 hivi. Hebu endesha gari katikati ya Houston uniambie ni mtaa gani hauko mita 300 kutoka shule fulani. Sheria hiyo inamwacha mtu aliyepewa leseni na jimbo lenye hiyo shule, na inamwacha mwenye silaha isiyo na risasi iliyofungwa kwa kufuli ndani ya sanduku. Ruhusa ya kubeba bila leseni si leseni. Wauza bunduki wengi hawakuambii jambo hili, na mimi niliyeambiwa darasani nilihisi jasho likinitoka nikikumbuka nilipita wapi mwezi mzima uliotangulia.

Leseni ya Texas hutolewa na idara ya usalama wa umma ya jimbo. Ada yake ni dola 40, unachukuliwa alama za vidole, unasoma darasa la saa nne mpaka sita, unafanya mtihani wa kuandika, kisha unapiga risasi 50 kwenye shabaha: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15. Alama za juu ni 250. Ukipata 175 umefaulu. Nilikuwa mwanamke peke yangu darasani na mimi peke yangu niliyevaa hijabu, na mwalimu alinifundisha kwa subira ambayo sijaisahau.

Inakaa wapi, na karatasi zinakaa wapi

Usiku wa kazi bastola yangu iko ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya mnene kwenye chuma cha chini ya siti yangu. Ala yake imefunika kifyatulio chote. Sikubali bastola ikae bila ala, hata ndani ya kisanduku, kwa sababu gari likifunga breki ghafla kila kitu huruka, na kidole si kitu pekee kinachoweza kuvuta kifyatulio. Kamba ya mkoba inaweza, peni inaweza.

Leseni ya udereva, leseni ya silaha, kadi ya gari na karatasi ya bima ziko kwenye pochi ya plastiki iliyobanwa kwenye kinga ya jua, juu ya kichwa changu. Droo ya dashibodi ina tishu, glavu za kazi na biskuti. Haina kitu kingine. Texas inakubali bima iliyo kwenye simu, lakini simu ni kitu cheusi kinachoshikwa mkononi gizani, kwa hiyo mimi naonyesha karatasi.

Ukisimamishwa, fanya hivi. Washa indiketa, sogea pembeni pahali penye mwanga kama papo karibu. Zima injini. Washa taa ya ndani. Teremsha dirisha. Mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimekunjuka. Haya yote yaishe kabla askari hajafika mlangoni, asikukute unahangaika. Akiomba kitambulisho, sheria ya Texas inataka mwenye leseni ya silaha anayebeba aionyeshe pamoja na leseni ya udereva. Mimi husema: "Afisa, leseni zangu zipo juu hapa, nanyoosha mkono wa kulia kuzichukua." Nangoja aseme sawa. Ndipo mkono unapanda. Namkabidhi kadi zote mbili pamoja. Kadi inamwambia kila kitu. Silitamki neno "bunduki" kwanza, maana neno hilo likisikika vibaya kwenye kelele za malori, hakuna nafasi ya kulirudia. Akiuliza iko wapi, namjibu kwa maneno, sinyooshi kidole.

Majimbo hayafanani katika jambo hili. Michigan na North Carolina, kwa mfano, zinamtaka mwenye kibali anayebeba aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa. Soma kabla hujaondoka.

Na sitamdanganya mtu kwamba ukifuata hatua hizi unalindwa. Julai 6, 2016, Philando Castile alisimamishwa Falcon Heights, Minnesota, pamoja na mwenzi wake na mtoto wa kike wa miaka minne siti ya nyuma. Alikuwa na kibali cha silaha. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alikuwa ametakiwa kutoa leseni. Askari alifyatua risasi saba. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia huru askari yule. Mimi ni mweusi, nina lafudhi, wakati mwingine nimechoka baada ya saa kumi na mbili za kazi na sauti yangu haitoki vizuri. Nayafuata haya nikijua kifo cha Castile, wala sitaki mtu ayasome bila kukijua.

Kutoka Texas

Dada wa rafiki yangu aliolewa Minneapolis, nikaenda kwa gari. Kutoka Houston unapanda I-45 hadi Dallas, unashika I-35, unapita Oklahoma, Kansas, pembe ya Missouri, Iowa, kisha Minnesota. Zaidi ya maili 1,100, majimbo sita.

Ukitazama juu juu utafurahi. Kansas iliondoa sharti la leseni mwaka 2015, Missouri 2017, Oklahoma 2019, Iowa 2021. Lakini ile sheria ya shule haijabaki Texas, na leseni ya Texas haikutolewa na jimbo la Oklahoma. Halafu kuna ardhi za wenyeji wa asili, zenye sheria na polisi wao. Ukivuka tu Mto Red unakutana na kasino kubwa la Wachickasaw, ambalo watu wengi husimama kwa choo na chakula. Mimi nikiwa na bastola sisimami hapo.

Kwa hiyo safari ndefu naianza nyumbani, chumbani, mlango umefungwa, watoto wako kwao. Natoa magazini, kile kibebeo cha risasi. Nakoki mara mbili. Naangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, kisha kwa kidole, kwa sababu macho yaliyochoka huona kile yanachotarajia. Bastola inaingia kwenye sanduku lenye kufuli, risasi zinaingia kwenye sanduku la pili, vyote viwili kwenye buti, chini ya mabegi. Sizigusi tena mpaka nimefika. Ukifanya kazi hiyo kwenye kituo cha mafuta Gainesville, mtu atakuona na atapiga simu polisi, na atakuwa na haki.

Mpangilio huu ndio unaotajwa na sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri: unatoka pahali unaporuhusiwa kuwa nayo, unaenda pahali unaporuhusiwa kuwa nayo, silaha haina risasi, na silaha wala risasi hazifikiki kutoka ndani ya kibanda cha abiria. Kama gari lako halina buti lililotengwa, kama RAV4 ya shemeji, sanduku lenye kufuli ni lazima, na droo ya dashibodi au kasha la katikati ya siti havihesabiki hata vikiwa na kufuli. Minnesota nayo inamtaka asiye na kibali kinachotambulika huko aisafirishe bila risasi, ndani ya mfuko au sanduku lililofungwa. Mpangilio mmoja umenivusha majimbo yote sita.

Kuna aliyeniuliza: sasa imefungwa kwenye buti, ina faida gani barabarani? Barabarani haina. Nilikuwa naihamisha tu, kwa sababu nyumbani nilimwacha kijana wa miaka kumi na tano na kabati langu la wakati ule lilikuwa bovu. Siku hizi nina kabati zuri la chuma lililopigwa nati ukutani, na safari iliyofuata ya Minneapolis bastola haikutoka Houston.

Kaskazini-mashariki ya nchi hii, iache nyumbani. Nasema hivyo nikijua sheria ya 1986 ipo. Oktoba 2013, Shaneen Allen, mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia mwenye leseni ya Pennsylvania, alivuka kuingia New Jersey, akasimamishwa, akamwambia askari ukweli kwamba ana bastola. Alikamatwa. Leseni ya Pennsylvania haikuwa na thamani upande wa pili wa mto, na sheria ya huko ilikuwa na kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu. Gavana Chris Christie alimsamehe Aprili 2015. Greg Revell wa Utah alikuwa amefunga bastola yake vizuri kwenye begi la ndege mwaka 2005; ndege ikachelewa Newark, huko huko New Jersey, akakabidhiwa begi lake, akalala nalo hotelini. Asubuhi alipoitangaza bastola uwanjani, alikamatwa. Alishtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema ulinzi ule haukumfuata hotelini, kwa kuwa silaha ilikuwa pahali anapoweza kuifikia. Yaani usiku mmoja tu wa moteli unaweza kuvunja safari nzima.

Mipaka ya nchi ndiyo mibaya kuliko yote. Ukienda Laredo au El Paso, kosa moja la njia linakuingiza kwenye daraja la kwenda Mexico usilolitaka. Mwanajeshi Andrew Tahmooressi alikaa kizuizini Mexico tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba 2014, baada ya kuvuka Tijuana na bunduki tatu garini; alisema alikosea njia. Detroit ni vivyo hivyo kwa upande wa Kanada. Miji hiyo mimi siikaribii na bastola, hata iwe imefungwa.

Kuiacha garini

Nikifika kwa mgonjwa, bastola haingii ndani ya nyumba ya watu. Hospitali na nyumba za wazee nazo zina mabango, na bango la Texas lenye namba 30.06 au 30.07, linalomkataza mwenye leseni kuingia na bastola, si pambo. Kulipuuza ni kosa. Ofisi za uhamiaji na mahakama za shirikisho hazitaki silaha kabisa, kwa hiyo siku ya miadi ya uraia iache nyumbani tangu asubuhi, usifikirie hata maegesho yao. Sheria ya Texas ya 2011 inamzuia mwajiri, isipokuwa wachache waliotajwa, kukukataza kuweka silaha halali ndani ya gari lako lililofungwa kwenye maegesho ya kazini. Lakini ukiendesha Uber, kampuni yenyewe imekataza silaha kwa dereva na kwa abiria tangu 2015, na madereva wa malori wasome mkataba wa kampuni zao, maana nyingi zinakataza hata pale jimbo linaporuhusu.

Funga kisanduku kabla hujafika unakoegesha, si pale pale. Mtu aliyekaa kwenye gari la jirani akikuona umeinama chini ya siti na kusikia kufuli, ameshajua kila kitu. Usibandike stika ya bunduki kwenye kioo. Na watoto: Texas inamshtaki mtu aliyezembea mpaka mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia silaha iliyo na risasi. Wangu wakipanda gari, ufunguo wa kisanduku uko kwenye mkufu wangu wa shingoni, ndani ya nguo.

Andika namba ya bastola. Ikiibiwa, polisi wataiuliza kabla ya kitu kingine chochote, na usipokuwa nayo taarifa yako haina mguu. Usiiandike kwenye karatasi iliyomo garini, maana gari likiibiwa na karatasi imeondoka. Yangu nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu wa mwisho, ile ya hospitali ya Bombo kule Tanga, iko kabatini pamoja na pasi zetu.